Mianzi Iliyobarikiwa Kasha

Kutoka Kalemie hadi Bukavu nilitumia siku kumi na moja: lori la samaki mpaka Uvira, kisha juu ya mizigo ya watu wengine mpaka upande wa Walungu, na mwisho pikipiki. Mjini sikuwa na mtu. Nilikuwa na diploma ya sekondari na lugha nne, na hizo lugha ndizo zilizonipatia kazi kwa profesa wa siasa. Alitaka kujua kwa nini, yakija mambo ya miti na udongo, watu wanamsikiliza padri kuliko komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa.

Nilikuwa mtafsiri wake. Tulikuwa tukishinda Kasha, pembezoni mwa mji, ambako korongo linaumega mlima kila msimu wa mvua. Ukingoni kabisa aliishi maman mmoja mjane, muuza maharagwe, aliyenipangisha chumba. Wakala wa komine alikuwa amemwambia ahame, mara mbili, naye alikwisha kuanza kufunga vyombo.

Jumamosi moja waumini wa mtaa walipanda mianzi pale ili ishike udongo. Baada ya wiki, nusu ilikuwa imeng'olewa. Kila mtu alihitaji fito za kupandishia maharagwe. Profesa alisikitika, na mimi, bila kutumwa, nikaenda kumwomba padri aibariki mianzi iliyobaki. Nilijua hakuna atakayegusa kitu kilichonyunyiziwa maji ya baraka.

Hakuna aliyeigusa. Profesa alijaza daftari zima, akaniambia nimefanya kazi iliyomshinda waziri.

Lakini maman alifungua vyombo vyake. Wakala aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni.

"Papa, weye unakuya na karatasi. Padri alikuya na mayi. Nani mukubwa?"

"Maman, mvula haijue kusoma karatasi. Na katekisimu haijue pia!"

"Basi inyeshe, tutaona."

Nilimtafsiria profesa, akacheka, akaandika. Nikamwomba amweleze maman kwamba iliyobarikiwa ni mianzi. Akasema mtafiti haingilii. Nikaenda kwa padri. Yeye akasema alibariki vyote vilivyokuwa pale, ila komine nayo inasema kweli. Nilishuka kutoka parokiani nikiwa sielewi hata nilichokwenda kuuliza.

Alasiri moja, baada ya mvua ya siku mbili, jiko la maman liliteremka korongoni pamoja na masufuria. Mianzi ya pembeni ilibaki imesimama. Maman alinijia, matope mpaka magotini.

"Tonton, ni weye uliita ile mayi. Sema. Ilibariki bambu tu, ao na nyumba yangu?"

"Bambu tu, maman."

"Ulijua ile siku?"

"Sikujua. Hata sasa sijui."

Alinyoosha kidole kwenye mabati ya paa. "Basi panda juu, utoshe manjanja."

Tuling'oa mabati moja moja, na kesho yake nikasindikiza mzigo mpaka kwa kaka yake, kijiji cha Miti. Niliyapanga mabati nyuma ya nyumba. Maman aliyahesabu, akaingia ndani, hakuniambia nikae. Sikujua kama amekasirika kwa sababu nilimdanganya, au kwa sababu nilimwambia ukweli. Nilisimama barabarani. Profesa alikuwa akinisubiri Kasha na maswali mapya, mengi yakiwa juu ya ile mianzi. Gari la kwenda Kavumu, upande usio wa Kasha, likapita, nikalisimamisha, nikapanda.