Dawati Moja na Mama Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni, maana kuanzia Turwa mpaka Sirari walishacheka wote, lakini mkifika mwisho naomba mninyamazie kidogo. Yule mwalimu aliyechanikiwa na suruali dirishani mbele ya mama mkwe wake ni mimi.

Ulikuwa mwaka ule wa rashi, dhahabu ilipoonekana kwenye kilima cha nyuma ya shule, watu wakaja mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka, na darasa langu la saba likawa linaisha kama sabuni, kila asubuhi unaita majina unajibiwa, "Yuko kwenye maduara, mwalimu," maana watoto walikuwa huko kwenye mashimo ya dhahabu, wanaponda mawe na kurudi na hela ya unga, sasa wewe na desimali zako utawaambia nini? Ndipo watafiti wa elimu wa chuo kikuu wakaja kushirikiana na shule yetu. Kiongozi wao, Dokta mmoja mama mpole wa kutoka Pwani, alikuja na wazo zuri: siku moja mzazi, mwalimu na mtoto wakae dawati moja, mtoto asome, mzazi ajisikilizie mwenyewe kile ambacho mtoto anakiacha akienda kuponda mawe.

Nililipenda wazo hilo kwa sababu ya Ghati. Ghati ni mtoto wa marehemu dada ya mke wangu, analelewa na bibi yake, yaani mama mkwe wangu, na bibi alishaanza kumpeleka kwenye mawe. Mke wangu alimbembeleza mama yake mpaka akatoa neno: "Nitakuja. Nikimsikia anasoma mbele ya mwalimu, atabaki shule. Nyumbani hapana, nyumbani anaweza kutunga, mimi nisiyejua kusoma nitajuaje?"

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Dokta aliniuliza mapema: "Mwalimu Marwa, wazazi na walimu tutawapanga kwa kuokota karatasi za rangi. Kuna mila yoyote ya hapa italeta shida?" Na mnajua kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hata njiani mmoja anaingia vichakani ili mwenzake apite. Nilijua. Lakini nilitaka kuonekana msomi mbele ya wasomi (na shati jipya nilikuwa nimevaa), nikajibu, "Hakuna shida, Dokta. Hayo ni mambo ya zamani."

Siku ilipofika nikaokota ya kijani. Nainua macho, mama mkwe kasimama mlangoni na khanga yake ya kanisani, karatasi ya kijani mkononi, na Ghati kando yake kakumbatia kitabu. Madawati yenyewe mnayajua, ya watoto, mkikaa magoti yanagusana.

Nikamnong'oneza Dokta, "Naomba nibadilishane na Mwalimu Rhobi." Akatabasamu: "Tusibadilishe, Mwalimu, tutaharibu utafiti." Hapo nilitakiwa kusema tu kwamba yule ni mama mkwe wangu, lakini ningesemaje, na mimi ndiye niliyeyaita mambo ya zamani? Mama mkwe alishajifunika uso, haingii wala hatoki, wazazi wameanza kugeuka kututazama, na mlango ni huo huo mmoja, kupita ni kumgusa. Nikaliona dirisha (halina kioo, lina kipande cha nondo tu), nikasema moyoni nitoke kimya kimya. Kichwa kikatoka, kifua kikatoka, kisha nondo ikashika suruali kwa nyuma, nikavuta kwa hofu, ikachanika kutoka kiunoni mpaka gotini, nami nikabaki nimening'inia pale, na upande uliobaki ndani ndio ule usiotakiwa kuonwa na mkwe.

"Mura! Unafanya nini hapo?" akapaza sauti mzee Chacha wa kamati ya shule, aliyekuwa nje.

Hakuna aliyecheka. Kicheko kilikuja baadaye, sokoni. Pale wazazi walisimama mmoja mmoja wakatoka, maana aibu ya wakwe haikaliwi ikatazamwa, Dokta akabaki katikati ya madawati matupu anauliza, "Nimekosea nini?" Hakukosea kitu, yeye alikuwa ameuliza.

Nilipojinasua, mama mkwe alikuwa anashika njia ya kilimani, Ghati nyuma yake. Kitabu kilibaki juu ya dawati, kimefunguliwa kwenye ukurasa aliokuwa ameufanyia mazoezi.

Wazee wakaamua nitoe mbuzi na blanketi, vikapelekwa, vikapokelewa. Mwalimu Rhobi akaenda hadi nyumbani, akakaribishwa uji, lakini bibi hakutaka kitabu kifunguliwe. "Mkwe nimemsamehe," alisema, "ila shule yenu imenivua nguo mbele ya watu. Mtoto abaki hapa."

Muhula ulipoisha nilipita kule maduarani na pikipiki. Ghati alikuwa kati ya wanawake wanaoponda, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama na nyundo yake. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwuliza kama anaukumbuka ule ukurasa, na palepale, karasha la kusaga mawe linaunguruma, akausema wote kwa kichwa, hata kwenye nukta akatua. Roho iliniuma sana.

"Sasa utarudi lini?"

Akainama kwenye mawe yake. "Bibi hajanisikia bado, mwalimu."

Nimeapa, neno "hakuna shida" sitalisema tena kwa ajili ya watu ambao sijawauliza. Suruali ile fundi aliishona, na mpaka leo naivaa. Ghati ndiye sijui nimpeleke kwa fundi gani.