Matundu Matatu ya Zephania

Zephania wa Mbaga hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, wala kumpa mtu habari zake bila kupima zitamrudishia nini. Ndiyo maana ngiri yake aliibeba kimya miaka na miaka. Ikitoka baada ya kunyanyua gunia la tangawizi, alizunguka nyuma ya nyumba, akalala chali, akairudisha kwa kiganja, kisha akarejea kwenye mizani kana kwamba alikwenda kujisaidia. Aliyemfunga kitambaa kinenani kila asubuhi alikuwa mkewe Dorkas. Dorkas alipofariki, akajifunza kujifunga mwenyewe, na duniani hapakubaki mtu mwingine aliyejua.

Sababu ya kuficha ilikuwa na jina: Wilbard. Jirani huyo alipasuliwa ngiri zamani, akarudi na kovu refu kinenani, na tangu hapo kijiweni wanamwita Zipu. Hata kanisani.

Basi mnunuzi mmoja wa tangawizi alipomwambia kuwa siku hizi ngiri hutengenezwa kwa matundu madogo tu, Zephania alitangaza kijijini kwamba anakwenda Moshi kutafuta soko. Hata binti yake Jenifer, aliyeolewa Dodoma, aliambiwa hivyo hivyo.

Hospitalini Moshi, daktari alikuwa msichana aitwaye Careen.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia mnaziba bila kupasua."

"Tunapasua, ila kidogo. Tundu moja karibu na kitovu, mawili chini yake. Moja la kamera, mawili ya vyombo. Tunaingiza wavu laini, mpana kama kiganja, tunautandaza nyuma ya msuli, pale palipoachia."

"Kwa nini nyuma? Kiraka hushonwa juu."

"Wapo wanaouweka mbele, na unashika. Lakini ukikaa nyuma, kila ukikohoa tumbo lenyewe linaukandamiza. Halafu nyama inaota kupitia vitundu vyake, inakuwa kitu kimoja."

Zephania alifikiri. "Kama ndiva. Ufa unazibwa kutokea upande wa maji."

Daktari hakujua kwamba ndiva ni bwawa la maji huko Mbaga. "Sawa baba, kama hiyo. Ila hutabeba kitu kizito wiki sita."

"Tufanye mbili."

"Baba, hapa si sokoni."

"Tatu basi, kwa heshima ya uzee wangu."

"Sita. Kidumu kidogo cha maji ruksa, gunia hapana. Wavu ukisogea kabla nyama haijaushika, tunaanza upya."

Akakubali. Alilipokea sharti lote kama lilivyotajwa, na hapakuwa na mtu wa Mbaga wa kulishuhudia jambo hilo.

Wodini, baada ya operesheni, muuguzi alimuuliza ndugu yake yuko wapi. "Yuko njiani, anatoka Same." Jioni akaulizwa tena. "Gari limewaharibikia." Mama mmoja, Saada, aliyekuwa akimlisha mumewe kitanda cha pili, alimsogezea kikombe cha uji. Zephania akauliza ni kiasi gani. Yule mama alimtazama, akamgeukia mumewe, na uji ule Zephania aliunywa akiwa ameelekea ukutani. Kesho yake aliporuhusiwa, ndugu yake alikuwa bado yuko njiani.

Alipofika stendi ya Same, kabla ya kupanda gari la milimani, aliichana karatasi ya hospitali vipande vipande. Alikuwa amepata alichotaka: amepona, na hakuna kovu la kumpa jina.

Hakuwa amekaa nyumbani hata wiki mbili, baragumu likapigwa la msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Ukingo wa ndiva ulikuwa umebomoka upande mmoja. Ndiva ndiyo bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku, mchana yakagawiwa mashambani kwa zamu. Na asiyebeba mawe hapati zamu mpaka mvua. Tangawizi ya Zephania ilikuwa imeanza kukunja majani.

Alikwenda, akasimama pembeni mikono mitupu. Msimamizi wa maji, Anaeli, akamwona.

"Baba Jenifer, umekuja kutukagua?"

"Siwezi kubeba. Nimefanyiwa operesheni."

"Ya nini?"

Ilibidi aseme. "Ngiri."

Kicheko kikazunguka ndiva nzima. "Zipu! Umepata mwenzio!"

Wilbard akaweka jiwe chini, akaja. "Nionyeshe. Mimi kovu langu wamelijua wote, la kwako la siri?"

Zephania akafungua vifungo vya shati. Vialama vitatu, kila kimoja kama punje ya maharage, vimeshaanza kufifia.

"Hivi?" Wilbard alisema. "Hivi mimi naumwa na viroboto kila wiki."

"Wamepitisha wavu humo. Umekaa ndani, upande wa maji."

"Umeuona?"

"Nilikuwa nimelala."

Watu wakashika mbavu. Anaeli peke yake hakucheka. "Leta karatasi ya hospitali."

"Niliichana."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Baba Jenifer, si ulituaga unakwenda kutafuta soko?" Anaeli alishusha sauti. "Mwaka jana siku ya mawe ulikuwa na msiba Mwanga. Aliyekufa hatujamjua mpaka leo. Nikufanyie hivi: beba jiwe moja tu, lile pale, uliweke ukingoni watu waone. Zamu yako utaikuta."

Ilikuwa bei nzuri. Zephania mwenyewe asingeweza kuomba nafuu zaidi. Aliliendea jiwe, akainama, akalishika. Lilikuwa la kawaida. Zamani alibeba ya ukubwa huo mawili mawili huku akitaniana. Alipolivuta kidogo tu, kinena kikakaza. Wote walikuwa wakimtazama. Akaliachia, akanyooka, akafunga vifungo vya shati.

"Chukueni zamu," alisema, akaondoka.

Kesho yake alasiri alisikia maji yakipita mferejini nyuma ya uzio wake, yakielekea kwa Wilbard. Simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jenifer, kule Moshi nilipasuliwa."

"Baba nawe! Na nani alikaa na wewe hospitali?"

"Hakuna."

"Basi uliota," Jenifer akacheka. "Mtu hapasuliwi peke yake. Tangawizi inaendeleaje?"

"Inaendelea."

Alipokata simu alichukua kidumu kidogo. Maji ya kunywa na kupikia hayana zamu; akateka hayo ya nyumbani, akaenda shambani. Kwa kidumu kile asingeweza kuokoa shamba. Alitembeza macho kwenye matuta, akachagua moja lililo karibu na uzio, litakalompa mbegu ya mwakani. Akalimwagilia taratibu, shina kwa shina, akarudi kuteka tena. Mengine hakuyatazama.