Jenerali wa Nyansurura na Rais Mkwewe

Ndugu zangu wa Kilosa, mnaniuliza kwa nini mimi, mwalimu wa hesabu, nilionekana barabarani na dumu la njano lililotobolewa macho. Jibu ni fupi: sifa. Nilikuwa nimeandika mchezo wangu wa kwanza. Dunia imevamiwa na viumbe wa sayari ya Mirihi, Rais anataka kusalimu amri, na Jenerali, mwanamke shupavu, anamshauri mpaka abadili nia. Shule moja ya Nyansurura iliuomba kwa ajili ya mahafali. Waigizaji niliwachagua kwa sauti walizonirekodia kwenye simu, kila mmoja akakariri sehemu yake nyumbani kwake. Nilijua mchezo ukiharibika sitathubutu kuandika mwingine.

Asubuhi niliondoka Tarime kwa bodaboda. Mikono ilikuwa imekumbatia masufuria, yaani kofia za askari, kwa hiyo dumu nikalivaa.

Pale Nyangoto tulisimama kujaza mafuta. Mama muuza ndizi akanitazama weee.

"Mwalimu, hilo dumu limekukosea nini?"

Nikamwambia ni kichwa cha adui.

"Basi mpe pole," akasema, akaniongezea ndizi mbili.

Tulipovuka daraja la Mto Mara, vumbi lilikuwa limetugeuza sote watu wa Mirihi, dereva na pikipiki yake pia.

Nyansurura tulikuta watu wameshakaa. Jenerali wangu, Mama Bhoke, alichagua sufuria kubwa kuliko zote.

"Shikamoo, Jenerali."

"Marahaba. Huyo Rais wangu ni nani?"

Nikamwonyesha Chacha, aliyekuwa anakuja mbio na suti ya kuazima. Mama Bhoke akajifunika kitenge, sufuria na yote, akatokomea nyuma ya stoo. Kugeuka, Chacha naye yuko migombani.

"Umetumaliza, mwalimu!" alilalamika akiwa hukohuko. "Yule ni mama wa mke wangu. Kwa mila yetu mimi simtazami usoni, yeye hanitazami. Na wewe unataka aninong'oneze sikioni mbele ya kijiji kizima?"

Nilitamani ardhi inipasukie. Watazamaji walishaanza kupiga makofi ya kutuharakisha. Ndipo Marwa, mfugaji aliyeigiza kiumbe wa Mirihi aliyetekwa, akasema kutoka ndani ya dumu, "Wekeni pazia katikati. Maneno nitapeleka mimi."

Tukaazima pazia la ofisi ya mwalimu mkuu, mchezo ukaanza.

"Mwambie Rais asisalimu amri!" Jenerali akanguruma nyuma ya pazia.

Marwa akapeleka. Katika maandishi yangu, hapo Rais anabisha kurasa kumi na mbili. Chacha akainamisha kichwa.

"Mwambie mama nimekubali."

Basi, mchezo ukawa umekwisha, na chai ya wageni haijachemka. Nilifumba macho kwa aibu.

Marwa akavua dumu, akaliweka chini mbele ya pazia, akapiga magoti.

"Kama Rais wa Dunia nzima anamtii hivi mtu asiyemwona," akasema, "sisi wa Mirihi tutamwezea wapi? Nasalimu amri."

Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kusikia mfano wake. Wazee walisimama, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Jioni nilirudi Tarime nikiimba njia nzima. Mchezo wa pili nimeshauanza, ndugu zangu, na safari hii imenifunza: kabla sijamkabidhi mtu jeshi, nauliza kwanza binti yake ameolewa na nani.