Mshauri wa Bei ya Chini

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, barabara ya Banalia, nikingoja gunia langu. Mama mmoja mbele yangu aliinama kuchukua kikapu chake, na mkanda wa mota, ulioachwa wazi, ukadaka kitenge chake. Alipiga kelele. Fundi akazima mota upesi. Mama akabaki ameshika ukuta, kitenge kimepasuka mpaka kiunoni.

Patron, mwenye mashine, alitoka ofisini. Hakumtazama mama, alinyoosha kidole kwenye karatasi ya masharti ya usalama iliyobandikwa ukutani.

“Conseiller wangu, mshauri wa Kinshasa, aliandika yote pale. Soma, citoyen.”

Nikasoma. Wafanyakazi waliamriwa kuvaa glovu wanapobeba chupa. Chupa, kwenye mpunga! Kuhusu mkanda hapakuwa na neno.

“Huyo conseiller alifika hapa lini?” nikamuuliza.

“Afike kufanya nini? Ule wa hapa mjini alitaka kusimamisha mashini siku mbili, eti anapima hatari. Huyu anatuma karatasi kwa posta, na bei yake iko chini.”

Fundi alikuwa amekwisha kuleta mbao na misumari. “Patron, nifunike huu mukaba wa mota? Iko kazi ya saa moja tu.”

“Ngoja kwanza,” patron akasema. “Tutaandikia conseiller.”

Wenye biashara, mtu asiyeuona mkanda wenu atajuaje utamkamata nani? Fundi aliweka mbao chini. Mota ikawashwa, na sisi wateja tukasogea wenyewe mpaka mlangoni.