Vitufe Vyenye Vumbi

Jirani yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, ni DJ wa harusi. Kila asubuhi, Mama Orpa, fundi nguo wa jirani, akianza kushona barazani, DJ hutafuta kwenye mashine yake ya muziki wimbo unaotembea sawa na mlio wa cherehani, mguu ukigonga chini. "Bado inakimbia," hujisemea, na kuanza upya. Harusini vidole humtetemeka. Huvificha kwa kufutafuta vumbi kwenye vitufe vya mashine. Jumamosi, ukumbini Area 36, mjini Lilongwe, umeme ulikatika katikati ya wimbo. Kina mama, Mama Orpa akiwemo, waliendelea kuimba kwa makofi. DJ hakukimbilia nyaya, alivua hedifoni, mguu ukaanza kuhesabu makofi. Umeme uliporudi, aliupenyeza wimbo mwingine chini ya makofi yao, taratibu, wala hakuna aliyepoteza hatua.

"We, umeme ilirudi saa ngapi?" Mama Orpa alimuuliza baadaye.

Siku hiyo vitufe vilibaki na vumbi.