Dawa za Mama Kule Nansio

Niliondoka Mkuyuni kwa sababu mdogo wangu Tereza, anayekaa na mama Ukerewe, aliniagizia kwa mtu: "Mama anaanguka ovyo, na majina yetu anayachanganya. Njoo." Miaka hiyo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona. Nikaingia moja, nikaeleza, nikapewa vidonge vya kizunguzungu na chupa ya kuongeza damu. Mtu haendi kwa mamaye mikono mitupu.

Ndani ya meli mawazo yalinizidi. Mama ana presha, sawa, lakini dawa anakunywa. Sasa kuanguka kunatoka wapi? Jirani yangu wa kulia akasema karogwa, wa kushoto akasema ni uzee. Mpaka tunashuka sikujua nishike lipi.

Nansio, mchana.
"Shikamoo mama."
"Marahaba, Tereza."
Na Tereza mwenyewe kasimama pembeni yangu! Kando ya mto wa kitanda palikuwa na mfuko wa dawa alizoletewa: za kaka wa Igoma, za dada wa Butimba, za wajukuu. Nikatumbukiza na zangu.

Kesho yake tulimpeleka mama zahanati pamoja na mfuko wake. Mganga akaumwaga mezani, akaanza kusogeza dawa pembeni. Kumbe kadhaa zilikuwa za presha ileile, majina tu tofauti. Nikasubiri aandike dawa mpya. Hakuandika. Akamrudishia mama moja.

"Na hizi nilizoleta mimi?"
"Ondoa."
"Sasa unamtibu kwa kitu gani?"
"Kwa kumpunguzia, dada. Mama huyu mnamlewesha. Mleteni kila asubuhi nimpime."

Nilikasirika. Nimefunga genge langu la mboga, nimevuka ziwa, halafu naambiwa tiba ni kunyang'anywa dawa? Mambo gani haya? Usiku sikulala, nasikiliza kama anapumua.

Siku ya kurudi, baada ya asubuhi kadhaa za kumpeleka kupimwa, mama alinisindikiza gatini kwa miguu yake. Aliniita Leokadia, jina langu. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anazimeza zote, na mwenyewe anaona zinamlevya.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kila moja imeletwa na mwanangu. Ningeacha ya nani?"

Nilipanda meli nalia. Tulibakiza kidogo tumuue mama kwa kumpenda, naye, kwa kutupenda, alikuwa anameza.