Mafuta ya Kurudisha Ujana

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenipa uhai mpaka uso wangu ukajaa makunyanzi, na bado akaniachia akili ya kukumbuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Wajukuu zangu huniuliza kama yale mafuta ya bei kubwa, yanayosemekana kuuzuia uzee usoni, yanafaa kununuliwa. Mimi huwasimulia habari ya kopo lililoingia nyumbani kwetu Marui, huku Kisarawe, miaka michache baada ya vita vya pili, zama za Mwingereza.

Nilikuwa mwali. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi yetu, nisionwe na jua wala wanaume, na shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akinilea humo. Mwali husikia kila kitu kinachosemwa uani lakini yeye mwenyewe hasikiki. Kwa hiyo siku alipofika mchuuzi na baiskeli yake kutoka upande wa Kibaha, nilimsikia vizuri nikiwa nyuma ya ukuta wa udongo. Aliuza sindano, uzi na vioo vidogo. Kisha akatoa kopo la mafuta na kuwaambia wanawake kwamba mwenye kujipaka kila siku hurudi umri aliokuwa nao alipoolewa.

Mama alimuuliza kama mke wake hujipaka. Akasema mke wake yuko mbali.

Bei aliyoitaja iliwafanya wanawake wamrudishie kopo lake. Akaona hapo hauzi, basi akamwachia shangazi kopo moja dogo la kujaribia, bila malipo, akaahidi kurudi. Shangazi hakuwa mjinga. Aliniambia kwamba mtu asiyetujua hawezi kutupa kitu bure kwa kutupenda tu. Lakini mumewe alikuwa ameanza kwenda kijiji cha Janga mara kwa mara, na watu walisema anaposa binti huko. Shangazi alikuwa akijitazama kwenye kioo, nami nilijua anatafuta nini.

Aliogopa kuanza na uso wake. Akaanza na wangu, uliokuwa umekaushwa na jua la kupalilia mihogo.

"Kama yanaondoa jua la shambani," aliniambia, "yataondoa na la miaka yangu."

Mimi nilikuwa nimesoma Kurani chuoni kwa baba, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa twahara. Nililifungua kopo nikanusa. Lilikuwa na harufu ya maua, na chini yake harufu nyingine nzito ya shahamu. Mafuta ya mnyama gani? Kama ni nguruwe, nitaswali vipi nayo usoni? Sikuthubutu kumuuliza shangazi, maana mwali haulizi sana. Basi kila asubuhi nilichota kidole kimoja, nikakipangusa kwenye mguu wa kitanda ulioelekea ukutani. Shangazi aliona kopo linapungua, akaridhika. Nami nilinyamaza. Huo ulikuwa uongo, ingawa sikutamka neno, na nimeuombea msamaha mara nyingi.

Siku ya kutolewa nje niliogeshwa, nikavishwa kanga mpya, nikaketishwa mkekani nimeinamisha kichwa. Wanawake walikuja mmoja mmoja kunifunua uso na kunitunza kwa zawadi. Walisifu ngozi yangu kuwa laini na yenye kung'aa. Shangazi akawaeleza habari za kopo, na sifa zote zikahama kwangu zikaenda kwenye mafuta.

Mchuuzi aliporudi, wengi wao walikuwa uani petu. Shangazi hakubishana naye. Alianza kuvua vikuku vyake vya fedha, alivyoachiwa na mama yake, mali pekee ambayo mumewe hakuwa na neno juu yake. Kimoja kilikuwa kimekwisha kuvuka kiganja. Mimi nilikuwa mkekani, bado katika siku ambazo mwali hasemi mbele ya wageni, sembuse mbele ya mwanamume.

"Shangazi," nikasema, "yale mafuta mimi sikujipaka."

Mama aliniamuru ninyamaze. Shangazi akanigeukia taratibu.

"Hukujipaka? Mbona nililiona kopo likipungua?"

"Nilikipaka kitanda."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa akinusa vidole vyake. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mchuuzi.

"Mwanangu," akamwambia, "kitanda changu kimepakwa miezi yote hii. Mbona hakijarudi kuwa mti?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mchuuzi alijitetea kwamba mti si ngozi, na kwamba uso wa binti wote wameuona. Hapo mama akamjibu kwamba kila mwali hutoka hivyo, kwa kuwa hakupigwa jua na alisuguliwa liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri, na kwamba hata yeye alitoka hivyo kabla mchuuzi hajazaliwa. Lilikuwa jambo tunalolijua sote, lakini tulilisahau mbele ya kopo. Shangazi akamuuliza mafuta yale yametokana na nini. Akasema hajui, yeye anauza tu. Shangazi akavivaa vikuku vyake.

Siku mbili hakusema nami. Nilistahili. Mumewe hakubadili nia, na baadaye alimwoa yule binti wa Janga. Siwezi kusema kama mafuta yangeleta tofauti, wala siwezi kuapa kwamba hayana faida kabisa, kwa sababu sikuyajaribu. Ninachojua ni kwamba aliyeyauza hakujua yana nini, na aliyetolewa kuwa ushahidi nilikuwa mimi, ambaye hayakunigusa uso.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, tulikuwa tukipeta mchele. Shangazi akaweka ungo chini.

"Wewe usiyeogopa kusema," akaniambia, "niangalie. Uso wangu umezeeka?"

Nilimwangalia. "Umezeeka, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akauchukua ungo wake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tangu mwaka jana nauliza, wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe miaka mingi yenye afya, akujaalie watu wa kukuambia ukweli kwa upendo, na akuridhishe na sura aliyokupa. Amin.